Iten hadi Kabarnet kwa baiskeli: chunga breki, chunga laini

Watu wengi wakisikia Iten wanawaza mbio za miguu, na si makosa. Lakini kuna kundi lingine ambalo kila wikendi linaonekana pale ukingoni, limevaa helmeti na kaptula za kubana, likiangalia chini kwenye Bonde la Kerio kana kwamba limedanganywa. Hao ni waendesha baiskeli. Na wana sababu ya kusimama, kwa sababu lami inayotoka Eldoret, ikishapita Iten, inaanguka. Sina neno lingine.

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukifika kwenye daraja la Mto Kerio uko karibu mita 1,200 chini ya hapo. Halafu barabara inageuka na kuanza kupanda Milima ya Tugen mpaka Kabarnet, mji mkuu wa Kaunti ya Baringo, ulio kwenye mita kama 2,000. Kwa hivyo siku yako ina mteremko mmoja mrefu, joto katikati, na mlima mwishoni wakati miguu tayari inalalamika. Ukitaka kurudi Iten siku hiyo hiyo, ongeza mlima wa pili. Mimi ningelala Kabarnet.

Tunaandika kuhusu njia hii hapa kwa sababu moja tu. Ukishashuka bondeni bila pesa inayofanya kazi, hakuna kurudi nyumbani haraka haraka. Nairobi simu ikizima unatembea hadi kwa rafiki. Huku chini, nyumbani kuko mita 1,200 juu ya kichwa chako.

Mteremko

Kutoka Iten unapita Kessup, unafika Tambach, mji mdogo uliowahi kuwa makao makuu ya wilaya enzi za ukoloni, kisha kona zinaendelea hadi Biretwo, ambapo bonde linaanza kunyooka. Malori na matatu zinatumia barabara hii hii, na dereva anayepanda na mzigo huchukua kona kwa upana wake. Usikate kona hata kama unaona barabara iko wazi.

Breki ndizo zinazomaliza watu. Ukizishika bila kuachia kwa kilomita kadhaa, rimu zinapata moto, na rimu ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka. Shika kwa nguvu kidogo kabla ya kona, achia, acha upepo upoze, shika tena. Simama Tambach unywe chai. Hata kama huna kiu ya chai, rimu zina kiu ya kupoa.

Hii si kutisha mtu. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendesha baiskeli bora Kenya imewahi kutoa, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za Vermont Overland kule Marekani. Alikuwa mtaalamu. Kasi haiulizi kama wewe ni mtaalamu au umenunua baiskeli Jumanne.

Joto nalo linapanda kadiri unavyoshuka, kama nyuzi sita au saba kwa kila mita 1,000. Ile jaketi uliyoivaa Iten asubuhi ukitetemeka, Biretwo inakuwa adhabu. Beba maji zaidi ya unavyodhani.

Daraja la Chebloch na hesabu ya muuza maembe

Mto Kerio unapita kwenye korongo jembamba pale Chebloch, na ukiwa na bahati utakuta vijana wanaoruka kutoka juu ya mawe hadi majini. Wanaruka kwa ajili ya wageni na wanatarajia kitu kidogo. Patana nao kabla hawajaruka, na mlipe yule aliyeruka, si kila anayesimama karibu na kusema ni meneja.

Msimu ukiwa mzuri, bonde hili linajaa maembe. Kuna asali pia, na njugu. Hapa ndipo malipo kwa simu yanapokuwa jambo la kweli, kwa sababu mtandao kwenye korongo na nyuma ya milima huja na kuondoka.

Tuseme umenunua maembe ya shilingi 150. Umeingiza nambari, umeweka PIN, skrini inazunguka, meseji haiji. Wewe una haraka, mama hana chenji. Unafanya nini? Wengi wanatuma tena. Dakika tano baadaye meseji zote mbili zinaingia na maembe yamekuwa ya shilingi 300. Kabla ya kurudia, angalia salio lako kwanza. Likiwa limepungua, pesa imetoka, subiri tu meseji. Likiwa halijapungua, hapo rudia.

Sasa jiweke upande wa mama. Yeye hajui kama wewe ni mwaminifu. Ukimwonyesha skrini yako na kusema "si unaona imeenda", unamwomba aamini simu ya mtu atakayepotea kwenye kona baada ya sekunde 30. Kuna watu wanaotengeneza meseji feki za malipo, na wauzaji wa barabarani wameumizwa nazo. Akikuambia ungoje mpaka ya kwake iingie, usikasirike. Ana haki, na kusema kweli tungependa kila muuzaji afanye hivyo. Kaa chini, kula embe moja.

Na kabla ya kubonyeza kukubali, soma jina linalotokea. Nambari zilizoandikwa kwa rangi kwenye mbao hufutika na jua, na 1 na 7 zinafanana sana. Muulize, "Ni jina la nani litatokea?" Ukishatuma kwa mtu asiye sahihi, piga huduma kwa wateja mara moja, kwa nambari rasmi uliyohifadhi kwenye simu, si ile uliyoipata kwa kusachi mtandaoni. Ombi la kurudisha pesa lina nafasi nzuri zaidi kabla yule aliyepokea hajaitoa.

Simu ikikufa bondeni

Programu ya kurekodi safari, ramani, picha za kila kona: saa nne baadaye betri iko asilimia sita. Watu wanadhani hapo pesa imeisha. Haijaisha. Akaunti yako imefungwa kwenye laini, si kwenye simu. Ukitoa laini na kuiweka kwenye kabambe ya mtu, menyu ya kawaida inafanya kazi bila bando na bila intaneti, hata mahali ambapo mtandao ni hafifu. Ndiyo maana waendesha baiskeli wenye akili hubeba vitu viwili vidogo: pini ya kufungulia kijumba cha laini, na kile kiplastiki ambacho laini ilitolewa ndani yake, maana kabambe nyingi zinataka laini kubwa. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa pachi za tyubu.

Kama unatumia laini ya kielektroniki iliyo ndani ya simu, ujanja huu haupo. Wewe beba pawabanki.

Ukitumia simu ya mtu, geuka upande ukiweka PIN, na ukimaliza toa laini yako mwenyewe. Usimpe mtu PIN akusaidie kubonyeza, hata kama mikono yako imejaa grisi.

Beba pia noti chache, za mia na hamsini, mahali tofauti na simu. Na kitambulisho, kile chenyewe, kwa sababu ajenti anatakiwa kukiona kabla ya kukupa pesa. Picha ya kitambulisho kwenye simu iliyozima haimsaidii mtu yeyote.

Simu ikipotea kabisa, ile ya kuzima ni nafuu. Weka PIN ya laini kabla ya safari, ile inayoulizwa simu ikiwashwa, ili anayeiokota asiweze kuhamisha laini yako kwenye simu yake. Mwachie mtu nyumbani nambari ya huduma kwa wateja, na mwenzako wa safari ajue nambari ya mtu huyo kwa kichwa. Mnafunga laini kwanza, simu mnaitafuta baadaye.

Kupanda Kabarnet

Baada ya daraja hakuna mengi ya kusema isipokuwa panda. Gia ndogo, pumzi taratibu, na anza mapema kabla jua halijakaza. Kwa mtu wa kawaida ni saa mbili au zaidi. Ukiangalia nyuma utaona ukuta wa Elgeyo mlioshuka asubuhi, na utaelewa kwa nini timu ya Kenyan Riders ilifanya Iten kambi yake: kule juu hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa, na milima iko mlangoni.

Kuna wanaotaka kuongeza njia ya kaskazini, kufuata bonde kuelekea Tot. Mandhari ni ya ajabu, lakini eneo hilo limekuwa na visa vya wizi wa mifugo na mashambulizi, na Februari 2023 serikali ilipeleka hadi jeshi North Rift. Ulizia kwa wenyeji na polisi wiki hiyo hiyo unayosafiri, usitegemee video ya mwaka jana. Wakati wa mvua nyingi, kuta za bonde pia huporomoka. Mwenye hamu ya mlima mwingine ana ule wa kutoka Kimwarer hadi Nyaru, upande wa kusini, ambao wakimbiaji huupanda kama kilomita 21 bila kupumzika.

Kama miguu imegoma, kuna matatu za kurudi Eldoret kutoka Kabarnet. Baiskeli inapanda kwenye keria. Patana bei ya baiskeli na kondakta kabla haijafungwa, ulizia kama analipwa kwa nambari yake au ya gari, na baki na nusu ya pesa hiyo mpaka baiskeli ishuke ikiwa na magurudumu yake mawili.