HAZINA KATIKA CHUNGU CHA UDONGO

Mazungumzo ya redio. Soma: 2 Wakorintho 4:1-7



Zamani, kabla ya vitabu kupigwa chapa, Wakristo wa Ulaya walipenda sana visa vya watakatifu. Katika karne ya 13 mtawa wa Italia, Jacobus de Voragine, alivikusanya katika kitabu kilichoitwa kwa Kilatini Legenda Aurea. Humo wengi walijifunza jinsi Mtakatifu George alivyoliua joka.

Desturi hiyo haikukoma. Mwaka 1542 padri Francis Xavier, akienda Bara Hindi, alitua hapa Malindi. Baada ya kufa kwake mwaka 1552, watu walimkusanyia visa vya namna ileile. Walisema kwamba alinena lugha za mataifa kwa muujiza, bila kujifunza.

Mungu aweza kufanya hivyo. Pentekoste ni shahidi. Lakini barua za Xavier mwenyewe zipo. Mwaka 1544 aliandika kwamba aliwatafuta watu wajuao lugha mbili, wakafasiri sala kwa Kitamili kwa taabu nyingi, naye akazikariri. Kisha alipita njiani na kengele mkononi, akiwaita watoto wafundishwe.

Basi, hadithi ilitaka kumtukuza, kumbe ilimnyang'anya jasho lake. Na upendo wake ulikuwa katika jasho lile.

Hata Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kazi Rabai mwaka 1846, alijifunza lugha zetu neno kwa neno, akiwauliza wenyeji.

Ndugu zangu, sisi nasi twatunga hadithi. Mzee wa kanisa akifa, mazishini twamfanya malaika. Watoto wake, walioijua hasira yake na toba yake, wasikia habari za mtu mwingine. Kijana naye husema moyoni, "Mimi siwezi kuwa kama yule," akaacha hata kujaribu.

Paulo atufundisha kwamba hazina ya Injili imo ndani ya chungu cha udongo, ili uwezo uonekane kuwa ni wa Mungu. Tusikipake chungu rangi ya dhahabu. Tuwasimulie watoto wetu jinsi wazee wao walivyoanguka, na jinsi Bwana alivyowainua.

Tuombe. Ee Bwana, tupe ndimi za kweli, utukuzwe wewe peke yako. Amina.