Kuchonga Throto Bodi: Hesabu Tuliyopaswa Kuipiga Kabla ya Kushika Msasa

Kila bumu linapoingia, kuna mtu hosteli anapata wazo. Wapo wanaonunua simu, wapo wanaofungua biashara ya chipsi inayokufa kabla ya mitihani. Mimi na mwenzangu wa chumba tuliamua kuongeza nguvu ya gari. Gari yenyewe ni Corolla 110 aliyoachiwa na kaka yake, injini ya 5A-FE, cc 1498, na umri wake unazidi wa baadhi ya wasomaji wa gazeti hili. Wazo tulilipata mtaani: panua mdomo wa throto bodi, injini itavuta hewa nyingi, hewa nyingi itachoma mafuta mengi, gari itakimbia. Maneno matamu hayo, na ubaya wake ni kwamba kila kipande kina ukweli kidogo ndani yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu tangu tulipoanza kusimulia yaliyotupata, wenzetu watatu wamenifuata kuniuliza tulichonga vipi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ilisaidia.

Throto bodi inafanya nini

Throto bodi ni bomba fupi la aluminiamu lililo kati ya eya klina na manifodi ya kuingizia hewa. Ndani yake kuna bati la duara, wengine huliita kipepeo, lililofungwa kwa skrubu ndogo kwenye shafti inayopita katikati. Ukikanyaga pedali ya mafuta, waya unavuta shafti, bati linageuka, hewa inapita. Hilo jina "pedali ya mafuta" limetudanganya tangu utotoni. Kwenye injini ya petroli pedali ile inafungua hewa. Mafuta yanafuata baadaye: kompyuta ya gari, ile ambayo fundi anaiita kontroli boksi, inapata habari za hewa iliyoingia kupitia sensa zake, ndipo inaziamuru nozeli zinyunyize kiasi kinachoendana nayo.

Kwa hiyo throto bodi ni mlango, na muda mwingi kazi ya mlango huu ni kuzuia. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, bati limekaribia kufungwa kabisa. Hapo hata kama mdomo ungekuwa mpana kama sufuria ya pilau usingepata kitu, maana mwenye kuufunga ni wewe mwenyewe. Ukubwa wa mdomo unaanza kuwa na maana pale tu unapokanyaga mpaka mwisho na injini ikawa inazunguka kwa kasi. Basi swali la kweli ni hili: katika hali hiyo, je, throto bodi ndiyo inayoibana injini?

Tupige hesabu

Hesabu hii ni ya kidato cha nne, na sisi watu wa uhandisi tulishindwa kuipiga. Injini ya mipigo minne huvuta hewa sawa na ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Ya lita 1.5 inavuta lita 0.75 kila mzunguko. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni lita 4,500 kwa dakika, yaani lita 75 kwa sekunde. Hapo nimeipendelea, maana nimechukulia kwamba silinda zinajaa kabisa, na injini ya kawaida kama hii haifiki huko ikiwa kwenye kasi hiyo.

Sasa chukua mdomo wa milimita 50. Eneo lake ni sentimita za mraba 19.6. Lakini hata bati likifunguka lote, shafti bado imekaa katikati. Shafti ya milimita 8 inaziba kama sentimita za mraba 4, kwa hiyo zinabaki 15.6. Ili lita 75 zipite hapo kila sekunde, hewa inabidi iende kwa mita 48 kwa sekunde, kama kilomita 173 kwa saa. Inasikika ni upepo mkali. Lakini hewa ni nyepesi, uzito wake ni kama kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Ukitumia nusu ya uzito huo mara mwendo kwa kipeo cha pili, mgandamizo unaopotea pale ni takriban kilopaskali 1.4. Hewa ya Dar es Salaam ina kilopaskali 101. Maana yake throto bodi yote inakula karibu asilimia 1.4 ya hewa yako. Ungeing'oa ukaitupa baharini, kwenye injini ya farasi 100 ungepata farasi mmoja na kidogo.

Sasa panua mdomo mpaka milimita 54. Kipenyo kimeongezeka asilimia 8, na eneo, kwa kuwa linafuata kipeo cha pili, limeongezeka karibu asilimia 17. Hapa ndipo watu wanapopotea. Wanaona asilimia 17 ya tundu, wanadhani ni asilimia 17 ya nguvu. Rudia hesabu ileile: mgandamizo unaopotea unashuka kutoka kilopaskali 1.4 hadi kama 1. Faida ni kilopaskali 0.4, chini ya nusu farasi. Ukimpakia rafiki mmoja kiti cha nyuma umeshaipoteza.

Kama hesabu hainogi, angalia rali. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, magari ya daraja la juu yalikuwa na injini za turbo za lita 1.6 zenye nguvu ya farasi wapatao 380. Kanuni ziliwalazimisha kupitisha hewa yote ya injini kwenye tundu la kipenyo cha milimita 36, lililowekwa mbele ya turbo. Milimita 36! Ni kweli turbo inavuta hewa kwa nguvu ambayo injini yetu haina, mpaka hewa inakaribia mwendo wa sauti, na tundu lile limewekwa makusudi ili liwabane. Lakini ukiona milimita 36 zinatosha farasi 380, utaacha kuamini kwamba milimita 50 zinainyonga Corolla ya farasi 100.

Mbona watu wanasema gari imechangamka?

Hawadanganyi. Bati likiwa kubwa zaidi, kila ukigusa pedali kidogo unafungua eneo kubwa kuliko zamani. Robo ya pedali inaleta kile ambacho mwanzo ulikipata kwa theluthi. Mguu unasikia gari imekuwa nyepesi, na akili inasema nguvu imeongezeka. Kanyaga mpaka mwisho kwenye barabara ileile, pima kwa saa, utakuta ni gari ileile. Injini iliyobadilishwa kamshafti na ekzosi, au ya mashindano inayozunguka kwa kasi kubwa, hiyo inaweza kweli kuhitaji mdomo mpana. Huko wanaanza na mengine yote, mdomo unakuja mwishoni.

Yaliyotupata sisi

Tulifungua throto bodi Jumamosi asubuhi, nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Skrubu za bati zilikuwa zimepondwa vichwa kiwandani makusudi, ili zisilegee, maana skrubu ikidondoka pale inamezwa na injini moja kwa moja. Sisi tulizilazimisha zikatoka, zikaharibika. Hatukuwa na mashine ya kukerezea. Tulikuwa na msasa uliozungushiwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio na drili ya kuazima.

Kosa la kwanza ni umbo. Msasa wa mkono hautoi duara, unatoa kitu kinachofanana na duara. Tulipopima kwa vernia, upande mmoja ulisoma 53.6, mwingine 54.1. Kosa la pili ni bati. Tulikata bati jipya la duara kamili. Kumbe bati la throto bodi si duara! Likijifunga halisimami wima kabisa, linaegemea kwa nyuzi chache. Likiegemea kama nyuzi 8 kwenye mdomo wa milimita 54, urefu wake unatakiwa uzidi upana wake kwa karibu nusu milimita, na kingo zake zikatwe kwa mshazari. Ukikata duara la 54, linaacha upenyo. Ukikata la 54.5, linakwama.

Na upenyo huo si wa kudharau. Mzingo wa mdomo wa milimita 54 ni kama milimita 170. Upenyo wa sehemu ya kumi ya milimita kuuzunguka wote ni sawa na kutoboa tundu la milimita 4.6 kwenye bati. Kwa injini ya lita 1.5 inayopumua kidogo tu ikiwa imesimama, hiyo ni hewa nyingi mno. Ndiyo maana tulipowasha, silensa iligoma kushuka. Gari imesimama, injini inalia kama inapanda Kitonga.

Tukafanya walichofanya wengi kabla yetu: tukatengeneza bati lingine, kubwa kidogo, ili lizibe. Likaziba vizuri sana. Silensa ikashuka. Tukapeana mikono, tukaingia barabarani.

Tulikuwa Sam Nujoma, jioni, mwenzangu anaendesha. Alikanyaga mpaka mwisho ili kupita daladala. Alipoachia, injini haikuachia. Bati lilikuwa limekwama kwenye ukuta wa mdomo tulioukwangua wenyewe. Mbele yetu taa nyekundu na bodaboda kama kumi. Akakanyaga breki, gari ikapungua lakini ikaendelea kusukuma. Akaachia, akakanyaga tena, safari hii pedali ikawa ngumu kama jiwe. Nilichokumbuka ni kushika gia na kuivuta kwenye nyutro. Injini ikapiga kelele mpaka watu wakageuka, lakini magurudumu yakawa huru, gari ikasimama. Kati yetu na bodaboda ya mwisho palibaki hatua mbili. Dereva wake alitutukana, na alikuwa na haki.

Baadaye nilielewa kwa nini breki iligoma. Breki za gari hizi husaidiwa na uvutaji wa hewa unaopatikana kwenye manifodi bati likiwa limefungwa. Bati likikwama wazi, uvutaji huo unapotea. Kilichobaki kwenye akiba kinatosha kukanyaga mara moja au mbili, basi. Kwa hiyo shika hili, hata kama gari yako haijachongwa, maana waya wa pedali au kapeti vinaweza kukufanyia hivyohivyo: kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie, weka nyutro, elekea pembeni. Ukishasimama ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari ikiwa inatembea, usukani unaweza kujifunga.

Fundi aliuliza swali moja

Tuliikokota mpaka kwa fundi mmoja mzee, Gerezani. Aliishika throto bodi yetu, akaizungusha kidogo, akaiweka mezani kwa upole kama mtu anayerudisha maiti ya ndege.

"Wanangu, eya klina mlibadilisha lini?"

Tukatazamana. Akafungua boksi, akatoa kitu cha rangi ya udongo, akakigonga kwenye tairi. Vumbi lililotoka pale lingetosha kupanda mchicha.

Nilijifunza zaidi kwa swali lile kuliko kwa Jumamosi yote. Kabla ya kupanua kitu, tafuta kilichobana. Na kipimo chake si kigumu. Unga geji ya mgandamizo kwenye manifodi, nyuma ya bati, mwenzako asome huku unakanyaga mpaka mwisho kwenye barabara tupu na salama. Ikisoma karibu sawa na hewa ya nje, basi hakuna kinachobana kati ya nje na manifodi, na throto bodi ni ya kuachwa ilivyo. Ikisoma chini sana, anza kukagua eya klina na mabomba yake.

Yapo pia mambo yanayozidi mdomo kwa mbali. Hewa ya moto ni nyepesi: ukiwa unavuta hewa ya nyuzi 60 kutoka kwenye boneti kwa sababu bomba la mbele limechomoka, ukalirudisha ukavuta ya nje yenye nyuzi 35, umepata karibu asilimia 8 ya hewa kwa bei ya klipu mbili. Mwinuko nao: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar. Kwa hiyo ukienda likizo kule ukaona gari imelegea, usiisingizie throto bodi. Ongeza plagi zilizochoka, nozeli zilizoziba na tairi zenye upepo mdogo. Na kama throto bodi ina masizi meusi, ipulizie dawa ya kusafishia, uifute kwa kitambaa laini. Msasa usiuguse.

Ukiona bado unahitaji mdomo mkubwa, tafuta throto bodi ya mtumba kutoka injini kubwa zaidi ya ukoo huohuo, yenye bati lililotengenezwa kiwandani, au mpelekee fundi wa kukereza anayejua kwamba bati si duara. Muulize kabla hujalipa. Akikuambia ni duara, mshukuru, ondoka.

Sisi tulinunua throto bodi ya kawaida ya mtumba na eya klina mpya. Jumla ilikula karibu robo tatu ya bumu, na mwezi ule tuliumaliza kwa wali maharage. Gari sasa inakwenda vizuri kuliko tulivyowahi kuijua. Mwenzangu anasema ni throto bodi. Mimi nasema ni eya klina.