Lubumbashi: Sababu gani chupa ya chanjo ya surua inatupwa na dawa ingali ndani

Muzazi anayepeleka mutoto wa miezi tisa kuchanjwa surua, iwe Katuba, Kenya ao Ruashi, anaweza kuambiwa angoje watoto wengine wafike, ao arudi siku ingine. Jioni, chupa yenye dozi zilizobaki inatupwa. Ni rahisi kudhani ni uzembe. Lakini kuna sababu.

Dawa nyingi za maji zina kitu kisichotibu ugonjwa wowote. Ndani ya siro hutiwa parabeni ao benzoati ya sodiumu. Ndani ya matone ya macho, kloridi ya benzalkoniamu. Kazi yake ni kuzuia vijidudu vinavyoweza kuingia kila mara chupa inapofunguliwa.

Chanjo ya surua haina kinga hiyo. Imetengenezwa kwa virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Kitu cha kuua vijidudu kingeviharibu pia, na chanjo ingekuwa ya bure. Unga wake ukisha kuchanganywa na maji yake maalum, hukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na hutupwa baada ya masaa 6 ao kazi ya chanjo inapomalizika, kama hiyo inatangulia.

Kupuuza sheria hiyo kunaua. Mwezi wa tano 2017, huko Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini, watoto 15 wenye chini ya miaka mitano walikufa kisha kuchanjwa surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba moja la shindano lilitumiwa siku zote nne za kampeni, na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa.

Kwa upande mwingine, kumurudisha mutoto nyumbani kuna hatari yake. Kati ya 2019 na 2020, surua iliua watoto zaidi ya 7,000 inchini Kongo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mutoto mumoja: dozi tisa zikitupwa, hasara ni ndogo kuliko kaburi moja.

Katika muji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, muzazi ana haki ya kuuliza maneno matatu: chupa imefunguliwa saa ngapi, ilikuwa kwenye baridi, na bomba ni jipya?