MAUMIVU YANAYOFICHWA NA MAMA

Leo tunasema neno ambalo wengi wanaona haya kulitaja. Mungu aliumba viungo vyote vya mwili. Kiungo kikiumia, si dhambi kusema.

Asubuhi moja mama mshiriki wa kanisa alikuja kwetu. Aliketi mwisho wa benchi mpaka wagonjwa wengine walipokwisha kuondoka. Miaka minne alisikia moto katika uke wake. Akikaa muda mrefu, moto. Bwana yake akimkaribia, ni kama kisu. Alinunua dawa sokoni, alijiosha kwa majani makali, na maumivu yakazidi. Bwana yake alifikiri kwamba mke amepata mwanamume mwingine. Wazee wa jamaa walianza kuongea habari za kurudisha mahari.

Tunakumbuka mwanamke wa Marko sura ya 5. Alitokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga, akaja kwa siri. Yesu hakumkemea. Alimpa nafasi ya kusema yote.

Ugonjwa huu ni nini?

Maumivu yakipita miezi 3, tunayaita ya kudumu. Sababu si moja. Mama mwingine ana kuvu. Mwingine ana ugonjwa wa ngozi, na ngozi inageuka nyeupe na nyembamba. Mwingine amekauka kwa sababu ananyonyesha, ao hedhi imekoma. Mwingine aliumizwa katika kuzaa ao kwa kutendewa kwa nguvu. Na mwingine hana kidonda cho chote, lakini mishipa ya fahamu inapeleka habari ya maumivu, na nyama za chini ya kiuno zinajikaza. Kujikaza kunaleta maumivu, maumivu yanaleta woga, na woga unazidi kuzikaza. Mama huyu hasemi uongo, wala hakulaaniwa.

Nani atamsaidia?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi hii ni ya watu wengi pamoja:

1. Munganga anauliza na kupima. Anagusa polepole kwa kijiti chenye pamba, apate kujua mahali panapouma. Akiona ugonjwa, anatoa dawa yake.

2. Mtumishi wa mazoezi ya mwili anamfundisha kupumua na kulegeza nyama zile.

3. Mshauri anasikiliza woga na huzuni. Mama akikubali, bwana yake anaitwa pia.

4. Muuguzi anafundisha kuosha nje kwa maji tu, kutotia sabuni wala majani ndani, na kuvaa nguo ya pamba.

5. Mchungaji anaomba pamoja naye, na anatunza siri.

Katika Bukavu, Munganga Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, chini ya kanisa la CEPAC. Wanawake walioumizwa kwa jeuri wanasaidiwa huko kwa njia nne: mwili, moyo, sheria, na kazi ya kupata riziki. Mwaka 2018 alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Alijua kwamba kushona kidonda peke yake hakutoshi.

Yule mama wetu alirudi mara nyingi. Siku ya tatu bwana yake alikuja naye. Alipoelezwa, aliinamisha kichwa, akasema, “Sikujua.” Habari ya mahari ikaisha. Maumivu hayakuondoka yote, lakini sasa anakaa katika ibada tangu mwanzo hata mwisho.

Mama, usifiche. Ukiona kidonda kisichopona, uvimbe, ao damu baada ya hedhi kukoma, njoo upesi. Baba, usimlazimishe mke wako wala usimshitaki. Mfuate kwa munganga. Wazee wa kanisa, msihukumu nyumba ambayo hamjasikiliza kilio chake.

Bwana awape wote afya na amani.