MTI NI GHALA YA MFUGAJI

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma, au apindaye kaskazini hadi Nakalale, huvuka mito mingi ya mchanga isiyo na tone la maji. Lakini mvua ikinyesha milimani, mito hiyo hufurika kwa saa chache, ikachukua udongo na mifugo. Kesho yake ni mikavu tena. Lodwar hupata mvua ya kadiri ya milimita 200 tu kwa mwaka, na hata hiyo kidogo haikai.

Dawa yake ni kuyapunguzia maji mbio pale yaanziapo. Hufanywa matuta ya udongo yenye umbo la nusu-mwezi, midomo yake ikielekea upande wa juu wa mteremko. Maji hunaswa, hunywea ardhini, na hapo hupandwa miti au mtama.

Waturukana wameijua thamani ya mti tangu zamani. Kando ya mto Turkwel, kwa desturi, jamaa huwa na sehemu yake yenye miti, iitwayo ekwar. Mgunga, wanaouita ewoi, hudondosha maganda wakati wa kiangazi, yakawa chakula cha mbuzi nyasi zikiisha. Nayo majani ya mkoma huwapa wanawake mikeka na vikapu vya kuuza.

Hata hivyo, mafunzo ya zamani yasisahauliwe. Baada ya ukame wa 1979 hadi 1981, watu wengi walichimba matuta kwa kulipwa chakula. Chakula kilipokoma, matuta mengi yaliachwa yakabomoka, kwa kuwa hayakuwa na mwenyewe. Nao mathenge, mti ulioletwa kutoka ng'ambo ili kuzuia jangwa, ulienea hata ukaziba malisho na kingo za mito. Tena, tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, haja ya kuni na makaa imezidi.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda mche, na iulizwe kwanza: mti huu ni wa nani, nani ataulinda na mbuzi, na nani atakula faida yake? Kuni na makaa na vitoke kwa mathenge, mgunga usalimike. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa kufuatana. Ukame mwingine utakuja, na siku hiyo mfugaji hatauliza ni miche mingapi iliyopandwa, bali ni miti mingapi iliyosimama. Akiba haiozi.