Baa: namna ya kumtambua mteja aliyelewa kabla hajapanda pikipiki

Katika baa na buveti za Goma, Bukavu ao Butembo, mtu wa kwanza kujua kwamba mteja amelewa si polisi wala bibi yake nyumbani. Ni mhudumu anayemletea chupa. Ni yeye pia anayeweza kumzuia asiendeshe pikipiki usiku katika hali hiyo.

Alama ya kwanza iko juu ya meza. Baa nyingi huacha chupa tupu mbele ya mteja hadi saa ya kulipa, ili kusiwe ubishi. Hesabu hiyo inaonyesha pia kiasi cha kileo. Chupa kubwa ya Primus, sentilita 72 kwa asilimia 5, ina karibu gramu 28 za alkoli. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Chupa moja tu inahitaji basi saa tatu ao zaidi. Aliyemaliza tatu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili ya usiku bado ana sehemu kubwa mwilini, hata akionekana mzima.

Kwa lotoko, kuhesabu glasi hakutoshi: nguvu yake inabadilika kutoka mpishi mmoja hadi mwingine.

Kinywa, mikono, miguu

Mara nyingi kinywa kinaanza: sauti inapanda, habari moja inarudiwa mara tatu, mzaha unageuka ugomvi. Kisha mikono: bia inamwagika kando ya glasi, kuhesabu franka kunamshinda. Mwishoni miguu: anashika ukuta akienda chooni. Mhudumu mwenye uzoefu hangoji miguu.

Kazi si nyepesi. Patroni anataka mauzo, na mteja anayekataliwa anaweza kutukana. Kuna njia za heshima: kutofungua chupa mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha, hata kama rafiki amelipia meza nzima, kuleta maji na chakula, kuongea naye kando, si mbele ya wenzake. «Papa, kula kwanza, bia haikimbie» inasikika vizuri kuliko «umelewa». Funguo za pikipiki, rafiki asiyekunywa ndiye wa kuziomba, kisha kumwitia mwanamotari.

Usingizi wa hatari

Mteja asiyeamka hata akitikiswa, anayepumua polepole ao mwenye ngozi baridi, apelekwe hospitali mara moja. Wakati wa kungoja, alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi, na asiachwe peke yake. Kahawa na maji ya baridi havipunguze kileo mwilini.

Kuyumba kunaweza pia kutoka kwa sukari iliyoshuka ao kichwa kilichogongwa. Harufu ya bia peke yake haithibitishe kwamba ni pombe tu.