Mutoto wetu na iniversite kubwa za Marekani: nani anaweza kupima bahati yake?



Kila mwaka, wazazi wanakuja ku biro ya sendika na ulizo lile lile: «Mutoto wetu anapataka 75 ao 78 juu ya mia. Iko mutu anasema atamuingiza ku iniversite kubwa ya Marekani. Anaomba dolare 1.500, na anasema bahati ya mutoto ni 90 juu ya mia. Tulipe?»

Tunajibu: hapana. Na tunataka kueleza sababu.

Sisi watu wa mugodi tunajua mambo ya tenere. Bei ya mawe inafuata tenere, na tenere inapimwa na mashini. Munegosia anayetaja tenere kwa kuangalia mufuko tu, tunajua anatafuta nini. Huyu wa 90 juu ya mia ni ndugu yake.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2024, Harvard ilipokea dosie 54.008. Ilikubali watu 1.937. Ni kusema hawafike hata 4 juu ya mia. MIT, ile masomo kubwa ya mainjinia, ilipokea dosie zaidi ya 28.000 na haikukubali hata 1.300. Kwa wale wanaotoka inchi zingine, MIT inakubali karibu 2 tu juu ya mia.

Na wale wanaokataliwa si wajinga. Wengi wao walikuwa wa kwanza mu masomo yao. Kwa hiyo hakuna mutu, hata mwalimu mwenye akili, anayeweza kuambia muzazi: mutoto wako ataingia. Kile tunaweza kupima ni kama dosie inafaa kutumwa, basi.

Wanaangalia nini?

Ya kwanza ni buletini za miaka yote ya humanités, zikitafsiriwa mu Kiingereza. Hapa watoto wetu wanaumia bure. Kwetu, 75 juu ya mia ni mutoto wa nguvu. Kwa Wamarekani, mwanafunzi muzuri anapataka 90 na zaidi. Anayesoma dosie kule anaweza kuwaza mutoto wetu ni wa katikati tu. Ni kazi ya prefe kuandika wazi: mutoto alikuwa wa ngapi mu darasa, darasa ilikuwa na wanafunzi wangapi, na kwetu hata 80 ni ya watu wachache. Hiyo karatasi moja inapita maneno yote ya commissionnaire.

Ya pili ni mutihani unaoitwa SAT. Unafanywa mu Kiingereza: sehemu moja ya kusoma, sehemu moja ya hesabu, na kila moja iko juu ya 800. Wengi wa wale MIT inakubali wanapataka 780 na zaidi mu hesabu. MIT inaomba tena mutihani wa kuonyesha kama mutoto anajua Kiingereza. Mutoto asiyeweza kusoma ukurasa moja wa Kiingereza na kuuelewa, tusimudanganye: mwaka huu si wake.

Ya tatu ni barua za walimu wawili wanaomujua vizuri, na maandiko ya mutoto mwenyewe. Kule hawaombe hadisi ya uongo. Mutoto aliyetengeneza pompe ya maji mu kartie, ao anayefundisha wadogo zake hesabu kisha kuuzisha beignets na mama yake, iko na kitu cha kuandika. Commissionnaire akiandika kwa nafasi yake, na wakijua, dosie inatupwa.

Na franga?

Bei ya mwaka mzima Harvard ao MIT inapita dolare 80.000. Musiogope hiyo hesabu. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haziangalie umaskini wa jamaa wakati wa kuchagua, hata kwa mutoto wa inchi ingine. Wakimukubali, wanajaza kile jamaa haiweze kulipa. Zingine, sawa vile Stanford, zinaangalia kama mugeni anaomba musaada, na hiyo inapunguza bahati yake.

Kuweka dosie hakupite dolare 100, na jamaa isiyo na uwezo inaweza kuomba isamehewe. Kwa hiyo dolare 1.500 za yule mutu ni za nini? Kuna baba anayetoa dekonti yake ya mwisho, franga inayokuja mara moja tu mu maisha, ili kununua kitu kisichouzishwa.

Tufanye nini?

Tuanze mbele. Dosie nyingi zinafungwa mwanzo wa mwezi wa kwanza, wakati mutoto iko mu mwaka wa mwisho, mbele ya kufanya Exetat. Muzazi anayengoja diploma ndiyo aanze kuulizia, amepoteza mwaka muzima. Kiingereza nacho kinaomba miaka, si miezi.

Tusitie mayai yote mu kikapu kimoja. Mutoto atume dosie kule ambako bahati ni ndogo, atume tena kule ambako ni kubwa kidogo, na ajitayarishe kwa Polytechnique ya UNILU, hapa Lubumbashi. Mutoto anayefanya hesabu kila magaribi kwa ajili ya SAT, hata Marekani wakimukataa, ile hesabu itamusaidia ku UNILU.

Na akikataliwa, tusimuambie ameleta haya mu nyumba. Juu ya watu mia, zaidi ya 95 wanapata jibu hilo.

Wazazi wenye mutoto mu humanités, wiki hii muende kuona prefe na muulize maulizo mbili: mutoto wetu ni wa ngapi, na nani atamuandikia barua? Hayo maulizo hayalipishwe.